Mikono ya Barnabé

Ukoo wa kabaila wetu ulipofilisika, mwaka ule wa migomo mikubwa, nilivaa shati safi nikaenda kwenye mnada kufurahi. Sioni haya kusema hivyo. Watu wale walitunyonya tangu enzi za babu wa babu, na mimi sisahau. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa jibini. Kukumbuka nilifundishwa nyumbani.

Shangazi Philomène hakwenda kufurahi. Alikwenda kumchukua babu yake.

Picha ya rangi za mafuta ilikuwa imeegemezwa ukutani, kwenye ukumbi wa kijiji: kabaila wa zamani, Hector-Amédée, ndani ya koti la mahameli jekundu, pua juu kana kwamba ananusa jasho letu. Uso ni wake. Mikono si yake. Alikaa mbele ya mchoraji hadi uso ukaisha kuchorwa, kisha akachoka, akaenda zake kuwinda. Mchoraji afanyeje? Alimwita mpogoa mizabibu, Barnabé, babu yake shangazi, akamvika lile koti na kumsimamisha dirishani. Kabaila aliporudi, shukrani yake ilikuwa kumfokea Barnabé kwa kulitia koti jasho.

Lakini mchoraji yule alikuwa mtu mkweli, alichora alichokiona. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia hakina ncha. Ililiwa na kisu cha kupogolea. Picha nyingine ya Barnabé haipo duniani.

"Anselme," shangazi alininong'oneza, ameubana mkoba wenye fedha za kuuza nguruwe wake, "nikishindwa, usipigane na mtu."

"Siahidi, shangazi."

Kwetu mnada ni wa mshumaa. Mtu akitaja bei, mwanasheria huwasha kijishumaa chembamba mezani. Akitokea wa kuongeza, huwashwa kingine. Kikizimika kabla hajatokea, moshi ukapanda, mali ni ya aliyetaja mwisho. Wajanja husubiri mwali unywee ndipo wafungue kinywa.

Mjanja wa siku hiyo alikuwa Ardouin, mchuuzi wa vitu vya kale kutoka Dijon, mtu wa kitambi na mnyororo wa saa.

"Faranga mia mbili," alisema shangazi.

Ardouin alingoja mpaka mwali ukawa kama punje. "Mia mbili na hamsini."

"Mia tatu!"

Zaidi ya hizo hakuwa nazo.

Mshumaa mpya ukawashwa. Ardouin, bila haraka, akaiegemea meza kwa viwiko vyake, akamtazama shangazi kwa huruma ya paka.

"Mama, utaipeleka wapi hiyo? Mimi naitaka fremu tu, ina dhahabu. Picha yenyewe nitawashia jiko. Hebu tazama mikono hiyo! Kabaila gani ana mikono ya mchimba viazi?"

"Si ya kabaila. Ni ya babu yangu."

"Loo! Na kichwa je, cha nani?"

"Kichwa ndicho cha kabaila," alijibu shangazi. "Huoni hakina kazi?"

Ukumbi ulilipuka. Wanawake walishikana mabega, mwashi wetu akaanguka na kiti chake. Hata Ardouin hakuweza kujizuia: kitambi kilitikisika, mashavu yakavimba, kisha kicheko kikamtoka kwa kishindo, pumzi yake yote juu ya meza.

Moshi ukapanda.

"Mia nne!" alibweka.

"Umechelewa, bwana," alisema mwanasheria Tissier. "Moshi huo."

"Lakini nimeuzima mwenyewe, kwa kucheka!"

"Sheria haiulizi nani kauzima. Moshi ni moshi."

"Mwacheni acheke tena," mtu alipaza sauti kutoka nyuma, "labda utawaka!"

Tuliibeba katikati ya mizabibu, kijiji kizima nyuma yetu kikiimba, na walinzi wa zamani wa kasri la kabaila wakitazama tu. Jikoni tuliitundika juu ya meza, tukafungua mvinyo ambao, angalau mara hiyo moja, tulikuwa tumeukamua kwa ajili yetu wenyewe. Shangazi alipanda kigoda akamvika kabaila kofia yake ya kuchumia zabibu, akaivuta hadi kidevuni.

Ikabaki mikono.

Akagusa kile kidole kisicho na ncha, polepole, akicheka huku machozi yanamtiririka.

"Shikamoo, babu," alisema. "Humu ndani, toa jasho utakavyo."