Kanzu Mbili za Mzee Hasanali

Asubuhi ya Jumatano, siku mbili kabla ya ndoa ya Huseni wa Kinjumbi, Bi Rukhsana aliitundika kanzu ya bwana harusi kwenye msumari, akarudi nyuma hatua mbili na kuitazama kama mtu anayetazama samaki aliyeambiwa kwamba ni wa leo.

"Leonadi, hii ni ya Huseni yupi?"

"Yule mpwa wa Bi Mwanaheri, yule mama asiyekubali kukosolewa. Bwana harusi mwenyewe."

"Huseni ninayemjua mimi akisimama ubavu humwoni. Humu wataingia Huseni wawili, na wa tatu akijibana."

Fundi Leonadi alikuwa amekata kanzu katika duka lile la Kilwa Masoko kwa miaka kumi na tisa. Hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mimi nimekata kilichoandikwa na mtambo. Kifua hamsini, urefu hamsini na tano. Mtambo una mwenyewe. Mwiteni."

Mwenyewe alikuwa Sauda, binti aliyesomea kompyuta na kurudi nyumbani kutengeneza tovuti za maduka. Hii ya Bi Rukhsana ilikuwa ya kwanza. Mteja wa Kinjumbi au Miteja hakulazimika tena kupanda gari kuja kupimwa. Alipimwa kwao, akajaza vipimo kwenye simu na kubonyeza Tuma, kisha kanzu ikamfuata kwa basi.

Alifika kwa bodaboda, laptopu mgongoni.

"Shikamoo, Bi Rukhsana. Shikamoo, fundi."

"Marahaba," alijibu Bi Rukhsana. "Keti, utazame hiyo."

"Marahaba, mtaalamu," alisema Leonadi. "Maiti yako hiyo hapo, imetundikwa."

Sauda aliitazama kanzu, kisha akatazama skrini. Kwenye skrini, Huseni alikuwa na kifua cha inchi hamsini. "Tumpigie," alisema.

"Unadhani hatujapiga? Amekwenda Liwale kuwachukua wazee wake, simu haipatikani. Anarudi kesho usiku. Basi la kwenda kwao linaondoka kesho asubuhi, na kitambaa cha aina ile kimebaki cha kanzu moja." Bi Rukhsana aliuweka mkasi mezani. "Tukikikata vibaya, kijana ataoa kwa shati la kuazima. Sasa niambie, mwanangu, Leonadi akate ngapi?"

"Akate thelathini na sita," alidakia Leonadi. "Kwa macho tu naona."

"Macho hayajui mkono wala bega," alisema Sauda. "Nipeni nusu saa."

Hakuwa mtu wa kuomba radhi kabla ya kujua kosa. Alifungua kumbukumbu za seva, daftari ambamo programu huandika kila fomu inapoingia, kabla haijafanya nayo lolote. Akatafuta jina la Huseni. Jumamosi, saa saba na dakika mbili mchana, sekunde ya saba: kifua thelathini na sita, urefu hamsini na saba, bega kumi na saba, mkono ishirini na nne. Kwa hiyo Huseni alituma sawa. Vipimo viliharibikia ndani ya nyumba.

Mstari uliofuata ulikuwa wa sekunde ileile ya saba. Mzee Hasanali: kifua hamsini, urefu hamsini na tano.

"Jumamosi saa saba mchana kulikuwa na nini hapa?" aliuliza.

"Hakukuwa na kitu," alisema Bi Rukhsana. "Nilitangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba kumi wa kwanza kutuma baada ya saa saba, nguo zao zitatoka wiki hii."

"Kumbe. Watu wakakaa na kidole juu ya kitufe."

Sauda alijua sasa mahali pa kutazama, na alipotazama alisikia masikio yakipata moto. Juu kabisa ya programu alikuwa ametangaza kibadilika kimoja, jina la kuhifadhia thamani, akakiita vipimo. Kilikuwa cha jumla: kila sehemu ya programu iliweza kukisoma na kukibadilisha. Fomu ikiingia, namba zake ziliwekwa humo. Kisha programu ilikwenda kutafuta namba ya oda, safari ya nusu sekunde, ikarudi kusoma vipimo na kuandika kwenye oda. Vipimo vya Huseni viliwekwa. Programu ilipokwenda kutafuta oda yake, Mzee Hasanali akaingia na kuweka vyake palepale. Programu iliporudi kwa ajili ya Huseni, ilimkuta Hasanali. Katika majaribio Sauda alijaza fomu mwenyewe, moja baada ya moja, na haikukosea hata mara moja.

"Nimelipata," alisema. "Fundi, ukimaliza kumpima mtu, namba unaziweka wapi?"

"Kwenye karatasi. Karatasi naibana kwa pini kwenye kitambaa chake."

"Kwa nini usiziandike kwenye ubao pale ukutani, mkawa mnasoma wote?"

Leonadi alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Ubao tulikuwa nao! Marehemu mumewe bibi ndiye aliyeuleta. Huyu anafuta, huyu anaandika, mwingine amekwenda kunywa chai akirudi anakata alichokikuta. Idi ile watoto wa madrasa walitoka wamevaa kanzu za maimamu."

"Niliutupa kwa mkono wangu," alisema Bi Rukhsana. Kisha akamkazia Sauda macho. "Usiniambie umenirudishia ubao."

"Nimekurudishia. Ndani ya kompyuta."

"Lahaula!"

"Ninauondoa leo. Kila hatua ya programu itakabidhiwa vipimo vya mteja mkononi, na itavikabidhi kwa hatua inayofuata, kama kitambaa na pini yake. Hakuna atakayesoma pa pamoja."

"Hayo ya kesho," alisema Bi Rukhsana, akaugonga mkasi kwa kidole. "Mimi nina kitambaa cha leo. Daftari lako hilo nitajuaje kwamba lenyewe halikuchanganya?"

Swali lilikuwa la haki, na Sauda alilipenda. "Linasema kanzu hii ni ya Mzee Hasanali, inchi kwa inchi. Yeye yuko hapo ng'ambo ya barabara. Tumvishe."

Mzee Hasanali alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hatua thelathini kutoka pale. Alituma vipimo kwa simu kwa sababu hakupenda namba ya tumbo lake itangazwe mbele za watu. Alikuja akinung'unika, akaingia nyuma ya pazia na kutoka akiwa ndani ya kanzu ya bwana harusi, kola imedariziwa hariri. Bega lilikaa kwenye bega. Pindo lilikoma kwenye kifundo cha mguu. Alijigeuza mbele ya kioo mara tatu.

"Hii siivui," alisema.

"Yako ya kawaida iko mezani, inakuja Ijumaa," alisema Leonadi.

"Nayo nitaichukua. Rukhsana, hariri hii umeificha wapi miaka yote?"

Bi Rukhsana alimgeukia Leonadi na kumkabidhi mkasi. Sauda aliandika namba nne za Huseni kwenye karatasi, akazisoma upya kutoka kwenye kumbukumbu, kisha akaibana kwa pini kwenye kitambaa yeye mwenyewe. Leonadi akakata.

Kabla ya alasiri, kibadilika cha jumla kilikuwa kimefutwa. Sauda alizipitia oda nyingine nane za Jumamosi. Zilikuwa zimepishana kwa sekunde nzima nzima, zote salama. Kisha akampa Leonadi simu moja na Bi Rukhsana nyingine, wakabonyeza Tuma kwa pamoja mara ishirini, wakihesabu kwa sauti kama wavuta kamba. Mara zote ishirini, kila namba ilirudi kwa mwenyewe.

Ijumaa baada ya swala, Mzee Hasanali alipewa hongera za ndoa na watu sita njiani, na mkewe akataka kujua bibi harusi ni nani. Jioni ikaja picha kutoka Kinjumbi. Huseni alisimama kati ya wazee wa Liwale, kanzu imemkaa sawasawa begani na kifuani.

Leonadi aliivuta picha kwa vidole viwili. "Mkono umezidi nusu inchi."

Sauda alifungua kumbukumbu. "Ametuma ishirini na nne."

"Nami nimekata ishirini na nne."

Wote wawili walimtazama Bi Rukhsana.

"Nani alimpima?" aliuliza.

"Bi Mwanaheri, shangazi yake," alijibu Leonadi.

"Basi hilo," alisema Bi Rukhsana, "kamwambieni ninyi."