Pumzi Tisa za Kuruthumu

Muhidini alifika kwa Shufaa, fundi wa betri wa Bagamoyo, Jumatatu baada ya sala ya alasiri, akiwa na betri ya mashine ya oksijeni ndani ya kiroba cha mwani. Siku kumi na moja nyuma, mkewe Kuruthumu alikuwa akipelekwa hospitali kwa bajaji kutoka Mlingotini, mashine ikiwa mapajani mwake. Kioo cha mashine kiliandika chaji asilimia sitini na nne. Walipofika Kaole kikaandika sitini na tatu, kisha mashine ikazimika. Hospitali walifika na maiti.

"Shikamoo, mzee Muhidini. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

Kampuni iliyowakodisha mashine ilikwishamjibu: betri ni mpya, kosa ni la nyumbani, hawakuichaji vizuri. Muhidini hakubishana. Siku ile alikuwa ameichaji mwenyewe tangu alfajiri, akakaa pembeni akiitazama kama mtu anavyotazama maziwa yaliyo jikoni.

Shufaa alibandua plastiki, akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi kidude cheusi kisichozidi punje ya mbaazi.

"Hiki ndicho kinachohesabu chaji. Kina kumbukumbu, na kumbukumbu yake ina milango mitatu. Wa kwanza uko wazi kwa kila mtu, unakupa asilimia tu. Wa pili tunaufungua mafundi. Wa tatu ufunguo wake wanao kampuni. Huko ndiko iliko historia ya betri, na mwenye kuingia huko anaweza kuiandika upya."

Akaunganisha nyaya kwenye kompyuta, akaandika namba zake, mlango wa pili ukafunguka. Alisoma kidogo, akavua miwani.

"Kuna pumzi humu, mzee. Tisa. Umeme ulipokatika, kidude kilihifadhi kilichokuwa nacho."

"Za mama Tabia?"

"Zake."

Akamweleza kwamba mlango wa tatu haupokei ufunguo wa kubuni, lakini utazipokea pumzi, kwa kuwa tayari ziko upande wa ndani. Ukurasa mmoja wa historia hula pumzi moja, na ikitumika hairudi. Au Muhidini anaweza kuziacha zote kwa mazungumzo na mkewe. Muhidini akaomba kiti.

Sauti ya Kuruthumu ilitoka kwenye spika ndogo ya kompyuta, na mikwaruzo yake ileile ya kifua.

"Baba Tabia, umekula?"

"Nimekula," alisema Muhidini, ambaye hakuwa amekula tangu jana yake.

Kwa pumzi ya pili alimwambia kamba mpya za mwani ziko chini ya kitanda, asizifunge kabla ya bamvua, maji yatakapokupwa mbali. Muhidini akamuuliza kama aliumia sana.

"Kidogo. Ulikuwa umenishika. Sasa acheni nisome."

Hiyo ikawa ya tatu. Shufaa akachukua karatasi, akaandika kila alichosomewa. Betri ilikuwa imechajiwa mara elfu moja mia mbili na kumi na mbili, kwa miaka minne. Uwezo uliobaki ulikuwa sehemu moja tu ya tano. Mwezi wa Machi mtu aliingia kwa ufunguo wa kampuni, akaifuta hesabu hiyo, akaandika kwamba betri ni mpya. Kisha akaufunga mlango wa tatu. Siku hiyohiyo alizifanyia vivyo hivyo betri nyingine kumi na tisa.

"Imebaki pumzi moja," Shufaa alisema, akaondoa mikono kwenye kompyuta. "Na ukurasa mmoja, wa aliyefanya."

Nje muuza kachori alipita akiita wateja, akarudi, akapita tena. Kulikuwa na neno ambalo Muhidini hakuwahi kumwambia mkewe kwa miaka thelathini na mitatu, na alikuwa amelileta hadi pale. Alitaka kulisema, kisha asikie atajibiwa nini. Akawafikiria watu kumi na tisa asiowajua, kila mmoja na kioo chake.

"Asome," alisema.

"Sifuri saba mbili nne moja moja tisa," Kuruthumu alisoma, na spika ikanyamaza.

Siku ya pili yake Muhidini alikwenda Dar es Salaam. Ofisa wa kampuni, kijana mwenye adabu aitwaye Hamidu, alimpa maji na kuisoma karatasi hadi mwisho.

"Kwamba ni marehemu aliyesoma, hilo hatulipingi," alisema Hamidu. "Na namba ni ya mfanyakazi wetu. Ila kumbukumbu imefunguliwa bila idhini, mzee, na kilichosomwa hivyo kwetu hakihesabiki. Mkataba ndivyo unavyosema. Betri nayo itabidi uiache hapa."

"Hizo kumi na tisa ziko wapi?"

"Ziko kwa wagonjwa. Zinaonyesha asilimia nzuri tu."

Akaiweka betri katika sanduku pamoja na nyingine, akamsindikiza hadi mlangoni.

Jioni, huko Mlingotini, binti yake Tabia alimtilia chai, akamuuliza mama alisema nini mwisho.

"Alisema namba," Muhidini alijibu, akamtajia.

Tabia akamwomba airudie polepole. Akaishika kichwani. Katika hitima ya arobaini, dua ilipomalizika, aliitaja mbele ya watu, tarakimu moja moja, na wanawake waliokaa mkekani wakaitikia amina.