Jicho la Kushoto la Jemadari

Mtu akikushika mkono ili akufundishe kazi, kazi ile huwa ya nani? Nimejiuliza hivyo tangu Jumamosi ya mashindano, na kila jibu ninaloamka nalo huwa limekwisha nguvu kabla ya mhadhara wa mchana.

Nilianza na kadi, kama wengi. Katika mwaka wangu wa kwanza wa chuo hapa mjini Geelong, nilifuata tangazo la chama cha michezo ya mezani hadi ukumbi wa skauti, mkononi nina pakiti mbili za kadi nisizojua hata kuzipanga. Noonan, katibu wa chama, alinipokea mlangoni.

"Unamtafuta mpenzi wako, binti? Yuko meza ya ngapi?"

"Simtafuti mtu. Nimekuja kucheza."

"Haya, karibu. Ila ukimwaga chai juu ya kadi za watu, hapa patakuwa na msiba."

Kando ya mlango lilisimama kabati la vioo. Katika rafu yake ya juu hukaa, mwaka mzima, jeshi la vijisanamu vya kuchezea vita mezani lililopakwa rangi vizuri kuliko yote katika mashindano ya Julai. Majina ya washindi wa miaka kumi na tisa yalikuwa yamebandikwa ubavuni, na la mwanamke halikuwamo. Niliyasoma yote kabla sijavua koti. Sikuwa nimecheza hata mara moja, nami nilikuwa nimekwisha kuitamani rafu ile.

Aliyenitoa kwenye kadi na kunileta kwenye vijisanamu ni Bevan Tuckwell, mchoraji mstaafu wa vibao vya maduka. Alinifundisha kuzimua rangi hadi iwe nyepesi kama maziwa, kuichonga ncha ya brashi kwa midomo, na kushusha pumzi kabla ya kugusa jicho, kwa maana jicho la askari mwenye kimo cha kidole gumba ni dogo kuliko chembe ya chumvi.

"Tazama mara moja tu, Thea," aliniambia siku moja, akamchukua jemadari wangu na kumtia jicho la kushoto. "La kulia lako. Ukimfanya kengeza, atapigana hivyo hivyo."

Nililitia la kulia. Hakuwa kengeza. Askari wake thelathini na wanane niliwapaka peke yangu, kwa miezi saba.

Mwezi Juni Bevan aliniletea ngao ishirini za jeshi lake, zote tupu. "Nichoree tai. Macho yangu yamechoka." Hayakuwa macho. Nilikuwa nimekwisha kuona kikombe kikigonga kisahani mkononi mwake. Nikachora tai ishirini, nikafurahi kurudisha fadhila, na hatukulitaja tena jambo lile.

Siku ya mashindano majeshi kumi na moja yalipangwa mezani. Kanuni ni moja: kila kisanamu kipakwe na mwenyewe. Noonan alipita na kioo cha kukuzia, akasimama kwangu muda mrefu.

"Kazi safi hii. Haya, sema kweli, nani kakupakia?"

"Mimi."

"Yote? Kofia hadi kiatu?"

"Mwache, bwana," Curtis, mshindani mwenzangu, alicheka kutoka meza ya pili. "Babake kakesha akipaka, anataka kulala."

Wale kumi wengine hawakuulizwa. Ningeweza kusema ndiyo, yakaisha. Lakini niliona aibu kuipata rafu ile kwa neno pungufu.

"Yote, isipokuwa jicho la kushoto la jemadari. Bevan alinionyesha namna."

Noonan akageuka. "Bev? Ni jicho tu?"

Bevan alikuwa akiitazama meza. "Nilimsaidia," alisema. "Kiasi gani, sikumbuki."

Noonan akaiondoa namba ya mashindano mbele ya jeshi langu. "Kanuni ni kanuni, binti."

Kabla chai haijapoa, rafu ya juu ilikuwa ya Bevan. "Zitazameni hizi ngao!" Noonan alisema. "Mzee huyu mkono wake bado chuma." Watu wakapiga makofi. Bevan alikuwa ameitia mikono yote miwili mifukoni.

Hapo nilielewa aliogopa nini. Angelitetea jicho langu, wangeanza kuitazama mikono yake. Nilimwonea huruma, na huruma ile haikunipunguzia uchungu hata tone.

Alhamisi nilirudi. Wanachama walikuwa wamelizunguka birika, na Noonan akanisogezea kiti.

"Usinune basi. Mwakani ni wako. Tena tuna wageni wanne wanataka kujifunza rangi, na Bev anasema hakuna mwenye subira kama wewe."

Bevan hakuinua uso. Nyuma yake, kabatini, tai wangu ishirini walikuwa wametandaza mbawa chini ya jina lake. Neno moja lingetosha. Lakini habari ya jicho ilikuwa yangu kuisema. Ya mikono ilikuwa yake.

"Haya, vipi?" Curtis aliuliza. "Jemadari hajatoa amri?"

Nilifunga sanduku la jeshi langu.

"Sitawafundisha," nikawaambia. "Hapa ukimshika mgeni mkono, unakuwa umemnyang'anya kazi yake. Nimekuja kuchukua vitu vyangu, na sitarudi tena."