Mji Aliouchagua Leota

Kila siku saa mbili asubuhi Leota Vavra alikunywa kahawa katika mkahawa wa mji mdogo wa Brezno, Nebraska, pamoja na wafugaji wenzake wawili, Orrin Petska na Dwayne Kucera, na kila siku walitikisa dadu kuamua nani alipe. Leota alikuwa mjane wa miaka sitini na nane, mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo. Mwezi huo wa Machi meza yao ilipata mtu wa nne, kijana aliyejiita Halloran, mpole, mcheshi, mwenye buti safi kuliko zote zilizowahi kuingia mahali pale. Alisema amekuja kutazama korongo wanaotua mtoni. Hakuna aliyemuuliza mbona hana darubini.

Yeye ndiye aliyeleta ule mchezo.

"Haya, wazee," alisema, huku akizimwagia asali chapati zake za maji. "Nebraska imeruhusiwa kuasili mji mmoja kutoka jimbo jingine. Mji mzima, na watu wake. Mnachukua upi?"

"Denver," Dwayne alidakia. "Na sisi tuwe na milima. Nimechoka kutazama mahindi."

"Wewe na Denver, mzee, nani atamlea nani?" Orrin akamchokoza. "Mimi nipeni mji wowote wenye daktari wa meno mwenye huruma."

Walicheka mpaka mhudumu akageuka. Halloran akamtazama Leota. "Na wewe, Mama Vavra?"

Hakuhitaji kufikiri. "Palo Seco, Arizona."

"Kule jangwani?" Dwayne alishangaa. "Mji wenyewe hauna hata mto!"

"Una mwanangu," Leota alisema.

Wazee walijua habari yake. Janelle, binti yake, hakuwa amekanyaga Brezno kwa miaka sita. Alipiga simu Krismasi na siku ya kuzaliwa ya mama yake, mara zote mbili akiwa na haraka. Mjukuu, Colby, Leota alimjua kwa picha. Hapakuwa na kitu alichokitamani kama kumwona binti yake ameketi jikoni kwake, na kwa ukaidi wake alikuwa hajawahi kumwambia.

"Sasa tutauweka wapi?" Halloran akauliza, akamsogezea kalamu na ile karatasi ya mezani iliyochapwa ramani ya jimbo. Leota alifurahi kuulizwa. Akachora mraba kaskazini ya Mto Loup, juu ya shamba lake mwenyewe.

"Na maji?"

"Maji?" Leota akamcheka. "Kijana, kwangu ukichimba kwa kijiko unalowa. Futi kumi na mbili tu, na chini yake bahari nzima. Waje wanywe mpaka wapasuke!"

"Futi kumi na mbili," Halloran alirudia taratibu. Akapangusa tone la asali kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu, ingawa korongo walikuwa bado hawajaondoka.

Aprili vikatokea vigingi. Leota aliviona akikagua uzio: vijiti vyenye utepe wa rangi ya chungwa, vimepigwa upande wa Dwayne wa mpaka wao, kimoja kila hatua hamsini. Alivifuata kwa gari mpaka vilipokata kona, kisha vikakata kona tena kwenye shamba la Orrin, na hapo akaelewa. Ulikuwa ule mraba wake. Vigingi vilikuwa vimeuzingira kutoka nje, pande tatu.

Mkahawani Dwayne hakuthubutu kumtazama usoni.

"Umeuza?" Leota akamuuliza.

"Haki ya maji tu. Ardhi bado ni yangu."

"Ardhi bila maji utaifanyia nini, ufugie mijusi?"

"Orrin naye ameuza," Dwayne alisema, kana kwamba hilo lingemtuliza. Siku hiyo dadu hazikutikiswa, na kila mtu alijilipia.

Kisha ikaja barua ya kampuni ya maji iliyopiga vile vigingi. Palo Seco ilikuwa imekaukiwa, bomba lingevuka majimbo mawili, na wenyeji wa Brezno, barua ilisema, wameupokea mji huo kama mtoto wao. Chini ya picha ya familia inayocheka yalichapwa maneno mawili makubwa: WAJE WANYWE. Leota aliyasoma akiwa amesimama kwenye sanduku la posta, akatambua ni maneno yake mwenyewe. Aliirudisha barua ndani ya bahasha, akaiweka katika droo ya chini kabisa, akawa anaikwepa droo yenyewe.

Jumapili Janelle akapiga simu. Haikuwa Krismasi wala siku ya kuzaliwa.

"Mama, nakuja Alhamisi."

Basi vigingi, barua, Dwayne na ubaya wake, vyote vikamtoka kichwani. Alifua mapazia. Alitandika kitanda cha zamani cha binti yake. Alhamisi akakanda unga wa kolachi, maandazi matamu ya kuoka yenye plamu, zile Janelle alizokuwa akiziiba zikiwa bado moto, na alipoona gari linaingia akazitia tanurini haraka haraka.

"Umepungua, Mama."

"Na wewe umeota mvi. Keti."

Janelle aliketi kwenye kiti chake kilekile. Akaomba maji, akanywa glasi mbili mfululizo, macho yamefumbwa, na Leota akashindwa kuacha kumtazama.

"Kwetu bomba linatoka siku tatu kwa wiki," Janelle alisema. "Colby anaoga kwa kopo."

"Mlete hapa."

"Na wenzake laki tatu, niwalete pia?" Akafungua mkoba, akatoa makaratasi. Juu kabisa ilikuwepo ile familia inayocheka.

Leota akaisogeza picha pembeni. "Yule kijana wa buti safi. Unamjua?"

Janelle alitazama meza. "Anafanya kazi chini yangu kwenye kampuni, Mama. Mimi ndiye niliyemwambia unakunywa kahawa wapi."

Iliuma. Iliuma kuliko siku alipomzika mumewe, maana marehemu hakuchagua kuondoka.

"Ungekuja kuniomba mwenyewe."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

"Visima vya Dwayne na Orrin vinaanza kuvuta Jumatatu. Maji yako yatashuka tu, utie sahihi usitie. Ukitia, angalau utapata kitu."

"Na nisipotia?"

"Basi nimekuja bure."

Leota alitazama mikono ya binti yake, vidole vifupi vya baba yake, vimetulia juu ya makaratasi. Akitia sahihi, Janelle atafurahi. Atakaa mpaka chakula cha jioni, labda alale chumbani kwake, labda kiangazi amlete mtoto. Alijua ni upumbavu. Ng'ombe mia mbili na jasho la vizazi vinne, kwa jioni moja.

"Kolachi zinaiva baada ya dakika kumi," alisema. "Utakula?"

"Nitakula, Mama."

Akatia sahihi mahali patatu.

Janelle alikusanya makaratasi, akayakagua moja moja, akaangalia simu yake. Akainuka na kumbusu mama yake kwenye paji la uso.

"Nikitoka sasa hivi naiwahi ndege. Nitakupigia."

"Na kolachi?"

"Niwekee."

Leota alibaki dirishani. Aliliona gari likifika langoni, Janelle akishuka na kulifungua lango, akapita, akaenda zake bila kushuka tena. Mtoto wa mfugaji haachi lango wazi. Janelle alijua kulifunga lile tangu akiwa na miaka minne, akilining'inia kwa mikono miwili. Amesahau, Leota akajiambia, mjini hawana malango, na ng'ombe watatoka. Akachukua buti zake akalifunge.

Alikuwa ametia mguu mmoja tu alipoona lori la kwanza, lenye mtambo wa kuchimba visima, likikata kona na kuingia bila kupunguza mwendo. Nyuma yake lilikuwa la pili, na nyuma ya hilo mengine, foleni mpaka barabara kuu, yamewasha taa mchana kweupe. Yalikuwa yakimngoja binti yake atoke.