Pazia la Dirisha la Mlimani

Mashine za kusafisha hewa zilinunuliwa kwa jina la wananchi, zikafungwa ukumbini. Siku ya uzinduzi, afisa mazingira alisimama kwenye ngazi za ukumbi akasema moshi ukizidi, wazee na wagonjwa wakimbilie pale. Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawawasha. Sasa moto ulikuwa unatafuna mlima kuliko mwaka jana, na wa mwaka jana nao ulikuwa umezidi wa mwaka juzi, na ukumbi umefungwa. Kisa? Mkutano wa kujadili moshi.

Fundi wa mapazia alilijua hilo kabla ya mtaa kulijua, maana afisa huyo alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Nyumbani walimwita Mheshimiwa tangu utotoni, kwa jinsi alivyokwepa kuchota maji. Jina likamkaa, cheo kikalifuata.

"Mama hajalala," fundi alimwambia kwenye simu. "Nimeziba madirisha kwa shuka mbichi, bado anatweta. Mwingize ukumbini, hata kwa kutwa moja tu."

"Dada, nikimwingiza mama, mtaa mzima utataka kuingia."

"Si ndiyo maana mlizinunua?"

"Kuna wageni, dada. Kuna utaratibu. Wewe nimalizie mapazia."

Mapazia! Fundi alikata simu. Yaliagizwa kuziba madirisha ya upande wa mlimani, ili wageni wasiuone moto waliokuja kuuzungumzia. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi ya mkutano, majirani wakikohoa mbele ya mlango mkubwa uliofungwa, fundi alipita mlango wa nyuma, kikapu cha sindano mkono mmoja, mama yake mkono wa pili.

"Huyu nani?" askari wa zamu aliuliza.

"Msaidizi wangu."

Askari akamtazama yule bibi mwenye barakoa, akakohoa yeye mwenyewe, kisha akajifanya anatafuta funguo.

Kuta za ukumbi ni nene, na mbele ya kila dirisha pana nafasi ya kutosha kiti. Fundi akamketisha mama nyuma ya pazia la mwisho. Haukupita muda, pumzi za bibi zikatulia.

"Kumbe hewa ipo," alinong'ona.

Fundi alitaka kulia, akapanda ngazi badala yake. Pazia zito halishonwi siku linapotundikwa. Hupigwa bandi kwanza, mishono mirefu ya muda ya kulishikiza kwenye utepe wa juu, likaachwa lining'inie mpaka kitambaa kimalize kuvutika. Ndipo linashonwa kwa cherehani. Kwa hiyo pazia lile lote, na uzito wake, lilishikwa na uzi mmoja, na ncha ya uzi ilining'inia kando.

Wageni wakaja, wakaketi. Mheshimiwa akasimama na hotuba yake.

"Katika sera hii mpya, hakuna mwananchi atakayeachwa nyuma…"

Mama akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu chenye mluzi mwishoni, kile kilichowaamsha watoto wake kabla ya jogoo miaka nenda rudi. Mheshimiwa akainua macho kutoka kwenye karatasi. Akatazama pazia la mwisho, akamtazama dada yake aliyesimama kando ya pazia hilo. Alijua. Nani asiyejua kikohozi cha mama yake? Akanywa maji, akajifuta midomo.

"Samahani, wageni wetu. Askari, hebu angalia nani anatusumbua pale."

Nani! Fundi alishika ncha ya uzi akauvuta kwa nguvu zake zote. Pazia likaporomoka hadi sakafuni. Mlima ulikuwa unawaka dirisha zima, na mbele yake ameketi bibi kizee, barakoa kidevuni.

"Anayekusumbua huyo hapo," fundi alisema. "Aliyekuzaa. Haya, mtoe."

Askari alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi. Akasimama hapo hapo.

"Endelea kusoma, baba," mama alisema taratibu. "Ulikuwa umefika pale pa kutoachwa nyuma."

Mheshimiwa aliinamia karatasi. Akaikunja mara mbili.

"Basi kama husomi, fungua mlango. Majirani zangu wako nje."

Mheshimiwa hakuinua kichwa. Askari naye hakungoja amri. Aligeuka, akaenda kufungua mlango mkubwa.