Mstari Uliomruka Mama

Regina aliteremka kutoka Kinole akiwa na karatasi ndani ya pindo la khanga. Kufika Bigwa kwa Winfrida, mtoto wa dada yake, kiti alikikataa.

"Shikamoo, mama mdogo," Winfrida alimwamkia.

"Marahaba. Soma hiyo."

Winfrida akasoma. Shamba la mdalasini, ambalo Regina amelilima miaka arobaini, lilikuwa limeandikwa kwa jina la kaka yake, Alois, aliyefariki mwaka jana. Ardhi ya Mluguru haitoki katika ukoo wa mama. Lilipaswa kubaki kwa Regina. Lakini karatasi ilimtaja mrithi kuwa Gabrieli, mtoto wa Alois, ambaye ni wa ukoo wa mama yake, anayekaa Dar na asiyejua hata mpaka ulipo.

Programu ya kompyuta ya kurithisha mashamba kwa ukoo wa mama Winfrida aliiandika mwenyewe, kwa Perl, lugha ya kompyuta aliyojifunza kwenye kitabu kisicho na jalada. Vikongwe wa vijiji sita walimtajia nani katoka tumbo la nani. Kisha wakaja watu wa mradi wa hati za mashamba na mfumo wao wa Python, lugha mpya zaidi, wakataka kuitupa. Akagombana nao vikao vitatu, mpaka wakakubali kuweka moduli: Perl yake ikae ndani ya Python yao kama mpangaji chumbani. Python inauliza mrithi ni nani, Perl inajibu, Python inaandika.

Wakaenda ofisi ya mradi kwa Abeid, mtaalamu wao.

"Dada, tulihamisha seva mwezi wa tatu. Moduli yako ikagomea toleo jipya."

"Kwa hiyo?"

"Tukaongeza mstari. Moduli ikikosekana, programu iendelee."

"Iendelee na nini?"

"Na upande wa baba. Si ndiyo kawaida?"

"Kawaida ya nani? Mama yako mtu wa wapi wewe?"

"Matombo."

"Mluguru mzima! Kwani baba yako ndiye aliyekubeba tumboni?"

Regina alicheka, kicheko kikavu. Abeid akainamia kompyuta. Kwa dakika kumi tu aliirudisha moduli, na jina la Regina likajitokeza kwenye kioo, sahihi kabisa.

"Haya, libadilisheni," Winfrida akasema.

"Siku za pingamizi ziliisha Ijumaa, dada. Hati zina muhuri. Hii ni moja kati ya mia nne zilizokosewa hivyo."

Mia nne! Mwaka hamsini na tano mama yake Regina aligoma kuchimba matuta ya mkoloni, akakimbizwa na askari wenye bunduki, na shamba halikutoka. Hawa bunduki hawakuihitaji. Mstari mmoja, tena wa mtu aliyekuwa na haraka.

"Kwa hiyo mashine inajua ni langu?" Regina aliuliza wakiwa njiani.

"Inajua, mama mdogo."

"Na Gabrieli ameshauza. Jumatatu wanakuja kupima viwanja."



Walipofika nyumbani kwa Winfrida, Regina alikwenda moja kwa moja jikoni, akatoka na panga.

"Niazime hili. Miti niliipanda mimi. Nitaibambua gome mwenyewe, yote, mpaka ife."

Winfrida hakumzuia. Alimtafutia na tupa ya kulinolea.