Baraza Jembamba

Wakili alipomaliza kusoma wosia alivua miwani, akaifuta polepole, akamtazama binti wa marehemu kama anayetaka kuomba radhi kwa kosa la mtu mwingine. Nyumba ya mbele, vyumba vyote vya uani na kiwanja chenyewe, baba yake ameviacha kwa chama cha wauguzaji, kile kinachowatafutia mahali pa kulala akina mama wanaoleta watoto hospitali kuu kutoka mbali. Kisha akaongeza neno.

"Ila marehemu ameweka sharti. Ufunguo utoke mkononi mwako mwenyewe, kwa hiari yako. Ukikataa, hakuna wa kukulazimisha. Nyumba itabaki kuwa yako."

Walipotoka nje mume wa binti alipiga makofi kwa mshangao. "Mzee huyo kiboko! Yuko kaburini na bado anakupima na timazi!"

Mji mzima ulimwita baba yake Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huitumia kuona kama ukuta umesimama wima. Hakuachana nayo, hata harusini aliitia mfukoni mwa shati. Binti yake alipokuwa mdogo, akidanganya, baba alimsimamisha ukutani, akaining'iniza timazi pembeni ya sikio lake, akafumba jicho moja na kusema, "Umepinda, mama. Nyooka kwanza, halafu useme." Mtoto alicheka mpaka ukweli ukamtoka. Siku hiyo nje ya ofisi ya wakili hakucheka.

Alikuwa msusi. Yeye, mumewe na watoto walibanana katika vyumba viwili vya kupanga, kwa mwenye nyumba aliyepandisha kodi kila alipokosana na mkewe, na wale wawili hawakuwa watu wa kupatana. Kwa hiyo baba yake alipostaafu na kuanza kujenga vyumba uani, kimoja baada ya kingine, safu nzima, binti aliamini anajengewa yeye. Majirani nao waliamini hivyo. Mwashi akipanga vyumba mstari mmoja, nani atauliza vya nini? Vya kupangisha, basi. Moyoni alikwishachagua hata rangi ya mapazia.

Ni kweli kulikuwa na mambo mawili yaliyowatatiza watu. Milango ile ilikuwa na makomeo kwa ndani, lakini nje hapakuwa na pa kuning'iniza kufuli. Na baraza lililopita mbele ya vyumba lilikuwa jembamba kupita kiasi, mtu akikaa miguu inaning'inia uani. Mafundi wenzake walimcheka waziwazi kwamba uzee umemla vipimo. Timazi aliwajibu bila kuinua macho kwenye mwiko wake.

"Nimelifanya jembamba makusudi. Mtu asipate pa kulala nje. Aingie ndani."

Aliyemshinda ni mke wake mwenyewe. Tangu binti akiwa mdogo, kila mvua iliponyesha mama alichukua shuka, akaenda kujilaza ubavu nje, kwanza kwenye baraza la nyumba ya mbele, na vyumba vilipokamilika, kwenye baraza lile jembamba, mbele ya mlango wa tatu, mgongo ameuelekeza kwenye mvua na mikono ameikunja kuzunguka kitu ambacho hakikuwepo. Mumewe alichutama karibu naye na mwavuli, maji yakimtiririka yeye shingoni, akambembeleza kama mtoto. Jibu lilikuwa moja miaka yote: "Siingii mpaka wenzangu waingie."

Binti aliona aibu. Wageni wakiuliza, alisema mama ana homa. Hakuwahi kumuuliza hao wenzake ni akina nani. Alijua tu kwamba kabla yake alizaliwa kaka, akafa kwa ugonjwa wa kifua angali mchanga, na habari ikaishia hapo. Na tusifichane: hakumpenda kaka yule. Yuko ardhini, lakini mvua zote za mama alipewa yeye.

Mama alifariki wakati wa kiangazi. Baba hakukawia kumfuata.

Siku chache baada ya ule wosia kusomwa, msusi na mumewe walikwenda kwenye nyumba. Mume alibeba mfuko wa makufuli. Alikuwa amekwishaamua, na mtu aliyeamua hasikii. Alipoona milango haina pa kufungia alisonya, akalaani ufundi wa mkwewe, akaondoka kumtafuta mchomeleaji. Mke akabaki peke yake, akakunja nguo za marehemu, na mvua ya alasiri ikaanza.

Ilikuwa mvua ya upepo. Kutoka mlango wa jikoni aliona inavyolipiga baraza kwa ubavu, saruji ikibadilika rangi kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Lakini mbele ya mlango wa tatu palibaki pakavu. Alidhani bati la pale limetokeza zaidi. Alitazama juu, bati lilikuwa limenyooka kama linavyonyooka bati la Timazi. Alitazama chini tena. Pale pakavu palikuwa na urefu wa mwanamke aliyelala ubavu, magoti ameyakunja kidogo.

Alivuka uwanja, akanyoosha mkono juu ya mahali pale. Mvua ikampiga kiganjani, matone yakadondoka kutoka vidoleni mwake, na sakafu haikulowa. Aliigusa. Ilikuwa na joto, joto la kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Ndipo karibu na goti lake kitoto kikakohoa, kikohozi chembamba, kikavu.

Alikimbia mpaka barabarani, kiatu kimoja kikabaki uani.

Mtu mwingine asingerudi. Yeye mvua iliyofuata ilimkuta pale, na iliyofuata pia. Wingu likikusanyika aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nusu kimesimama, na wateja wakaanza kutania kwamba mkiona kuna mawingu, njooni na vilemba. Alikaa kwenye maji, kando ya pale pakavu, akaweka kiganja juu ya lile joto. "Mama, ni mimi." Kitoto kilikohoa, kikatulia. Utoto wake wote alitamani kulala karibu na mama wakati wa mvua, akaogopa kwa sababu nafasi ile ilikuwa na mwenyewe. Sasa aliogopa bado, lakini alikaa.

Mume wake alipomwambia, "Ufunguo usiutoe, mke wangu, wasikuchezee akili," alikubali. Mume alikuwa anawaza kodi. Mke alikuwa na lake. Nyumba angeweza kuiacha, angelia kidogo akarudi kwenye vyumba vyake viwili. Lile joto ndilo lililomshinda.

Siku moja akaja kiongozi wa chama, muuguzi mstaafu mwenye miguu iliyovimba, akitembea kwa kuegemea kuta. Hakuuliza habari ya ufunguo. Alitoa pole, akanywa maji, akaomba kuviona vyumba. Manyunyu yalikuwa yameanza. Walipita barazani mmoja nyuma ya mwingine, kwa kuwa wawili hawakuenea, na walipofika mlango wa tatu yule bibi alisimama. Akashuka uani na miguu yake ile mibovu, akapazunguka pale pakavu kama unavyomzunguka mtu aliyelala, akapanda tena upande wa pili.

"Samahani, mwenzetu," alisema kwa sauti ya chini.

Msusi alimshika mkono. "Bibi, umemwona?"

"Nimeona pakavu. Inatosha."

Waliingia chumbani, wakakaa sakafuni. Muuguzi akasema, "Mama yako hakukuhadithia? Usiku ule alipomleta kaka yako hospitali, wodi ilijaa, wakaambiwa wasubiri asubuhi. Baba yako alikuwa mbali, anamjengea mtu jumba. Mvua ikaja. Wanawake waliokuwa barazani pale hospitali wakamweka mama yako na mtoto katikati, wakaizuia mvua kwa migongo yao. Nao walikuwa na watoto wao, na hawakuwa wakimjua. Kulipokucha yeye akachukuliwa na maiti ya mwanawe, wao wakabaki. Hakuwaona tena. Aliniambia hicho ndicho kilichomkaa rohoni, kwamba aliondoka akawaacha nje."

"Sasa si walishaondoka? Ni miaka mingi, bibi."

"Wale, ndiyo. Lakini baraza lile halijawahi kuwa tupu, mwanangu. Nimetoka pale sasa hivi."

Alipokwenda zake mvua ilikuwa imekaza. Msusi alisimama juu ya pale pakavu, na hasira ikampanda ghafla.

"Nikiwaleta wenzako utaondoka, siyo? Sema! Umelala nje miaka yote kwa ajili yao na kwa ajili yake. Na mimi je? Mimi sikuzaliwa na wewe?"

Kitoto kikakohoa. Alingoja kingine, hakikuja. Basi akafanya alichokitamani tangu akiwa mdogo: alijilaza ubavu kwenye ukingo wa baraza, nusu ya mwili ikiwa hewani, mgongo kwenye mvua, akaupitisha mkono juu ya lile joto. Mvua ilimpiga mgongoni tu. Usoni hakupata hata tone. Alilia kwa sauti, akalia mpaka akachoka, na alipochoka akajua kwamba kila usiku wa mvua, kule barazani hospitali, kulikuwa na mgongo wa mtu unaouma vile. Akainuka, akachukua ufunguo.

Alikwenda hospitali kwa miguu, akamkuta muuguzi pale barazani kati ya mikeka na mabeseni, akamwekea ufunguo kiganjani mbele ya watu. Simu ilipolia alimweleza mumewe.

"Umepata kichaa?" mume alifoka.

"Labda. Ni cha ukoo." Akakata.

Akina mama wa barazani pale waliongozana naye mvuani, vifurushi kichwani, watoto mgongoni. Kila mmoja alionyeshwa chumba. Wa mwisho, mama kijana mwenye mtoto anayekohoa, alifika mlango wa tatu akaanza kutandika mkeka wake nje, kwa mazoea.

"Siyo hapo. Ingia ndani."

"Nitachafua, dada. Nina matope."

"Ingia."

Makomeo yalilia moja baada ya jingine. Msusi akabaki peke yake na pale pakavu. Mvua ilianza kupalowesha upande wa miguu. Ikapanda magotini, ikachukua mgongo, ikachukua kichwa. Kidoa kidogo kikavu kilibaki katikati, pale mikono ilipokunjwa. Kisha nacho kikalowa.

Alipiga magoti, akapapasa saruji huku na huku. Ilikuwa baridi. Ndani ya chumba mtoto alikohoa na mwanamke akambembeleza, na nje hapakuwa na sauti yoyote ila mvua. Alijaribu kujilaza pale pale, labda angesikia japo pumzi, lakini baraza halikumtosha. Aligeuka huku, akateleza, akageuka kule, akateleza. Timazi alikuwa amelipima sawasawa.

Komeo likavutwa. Mama kijana akachungulia, mtoto wake begani.

"Dada, mbona unalowa peke yako?" alisema, akausukuma mlango ukawa wazi. "Njoo ulale ndani."